Kuvumilia tunajua, kusema ndo hatujui: niliyoongea na wanakikoba wa Kirumba

Hii ndo hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, hapa Kirumba, Mwanza. Wengine mlikuwa mmefuata mzigo visiwani, wengine mlikuwa msibani Magu, mkaniandikia kwenye grupu "sista tutumie na sisi". Kijana wangu alinirekodi kwa simu, nimekaa siku tatu naandika, nimeacha kama nilivyoongea, hata pale nilipotoka nje ya mada.

Mwangaluka! Aa, hiyo sauti ni ya watu waliokula kweli? Mwangaluka! Haya, hapo sawa. Na Wakerewe wangu, Wajita, Wahaya, Wakurya, Waluo mliotoka Rorya, wote mmesalimiwa, nikisema kwa lugha ya kila mmoja tutamalizia mkutano kwenye salamu.

Mwenyekiti wetu, mama mweka hazina, wanahisa wote, na nyie wanaume mlioletwa na wake zenu mkaenda kukaa kule nyuma karibu na geti ili mtoroke vizuri, nimewaona. Leo hamna pa kukimbilia, ni mbalamwezi, mitumbwi yenu iko mchangani, mtanisikiliza tu.

Nimeambiwa niongelee msongo wa mawazo. Mimi si daktari wa akili, mimi ni muuguzi mstaafu, nimevaa gauni jeupe miaka 33, na hapa Kirumba mnanijua zaidi kama mama anayedaiwa hisa za mwezi wa tatu. Kwa hiyo naongea kama mwenzenu.

Nianze na swali. Nani wiki hii ameamka saa nane usiku bila kuamshwa na mtoto, wala mbu, wala mbwa wa jirani, ameamka tu macho makavu anaangalia bati? Nyoosha mkono. Ehee. Angalieni nyuma yenu. Na wewe baba usinyooshe nusu, au unanyoosha au unashusha.

Hiyo mikono ndo mada yangu.

Jamani, mwili wetu Mungu ameuwekea king'ora. Ukiwa unafua pale ziwani ghafla kiboko akaibuka mbele yako, hukai ukafikiria nikimbie au nisikimbie. Moyo unapiga, damu inakimbilia miguuni, tumbo linasimama, sukari inamwagwa kwenye damu ili upate nguvu, unajikuta uko juu ya mwamba na beseni hujui umeliacha wapi. Hiyo ni kazi ya homoni, moja inaitwa adrenalini, nyingine kotisoli. Hizo homoni si adui, zimeokoa watu wengi. Kiboko anazama, wewe unakaa, unahema, baada ya muda mwili unarudi chini.

Sasa niambieni, rejesho la kila siku linazama? Ada ya shule inazama? Mama mkwe aliyekuja kwa wiki mbili na huu ni mwezi wa nne, anazama? (Hapo mlicheka sana, na mama mkwe mmoja alikuwepo, alicheka kuliko wote.) Mwili haujui tofauti ya kiboko na meseji ya deni. Unapiga king'ora kile kile, ila hiki hakizimwi, kinalia chini chini mchana na usiku, miezi, mpaka unakizoea unadhani ndo ukimya wenyewe. Mnakumbuka maji ya 2020? Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilipanda kidogo kidogo, leo limefika kwenye jiwe, kesho kutwa limefika kwenye mgomba, watu wanahamisha kichanja cha dagaa hatua mbili, wanahamisha tena, wanasema litashuka tu, siku wanashtuka maji yako sebuleni na samaki wadogo wanaogelea chini ya kochi. Mawazo ndivyo yanavyoingia. Kwanza usingizi, afu hasira, unampiga mtoto kwa kosa la kumwaga chai, afu kichwa, afu mgongo, afu unakuja kupimwa presha unaambiwa 170 kwa 105 na unashangaa, wakati kuanzia 140 kwa 90 ikijirudia tayari tunahesabu imepanda.

Na sisi tunafanyaje? Tunavumilia. Hapo ndo nataka tugombane kidogo leo.

Sisi wa huku tumelelewa kwamba mtu mzima ni anayevumilia, na kuvumilia maana yake ni kunyamaza. Mwanamke mzuri hasemi ya ndani. Mwanaume halii. Mwenye shida anaulizwa "vipi?" anajibu "safi". Safi ya wapi? Mimi nasema kuvumilia na kunyamaza ni vitu viwili, tumevifunga kwenye kamba moja na kamba hiyo inatunyonga. Nitawasimulia yangu kwanza, maana siwezi kuwaambia mseme nyie wakati mimi nimekaa nayo.

Mwaka 1996 nilikuwa muuguzi mdogo hapa Mwanza, nina mtoto mmoja. Asubuhi ya Mei 21 MV Bukoba ikazama, imetoka Bukoba usiku, imepita Kemondo, iko karibu kabisa kufika. Watu zaidi ya 800 walifariki. Wengi wenu hapa mna mtu kule, najua, na makaburi ya Igoma tunapita nayo kila siku kwenye daladala. Sisi watumishi tulipelekwa kusaidia, na wakati miili inaletwa uwanja wa Nyamagana ndugu wanapita wanatafuta wao, kazi yangu ilikuwa kuwashika. Basi, kushika tu. Mama anapita, anaangalia, anapita, anaangalia, afu anamwona. Nilishika watu siku sijui ngapi. Jioni naenda nyumbani, namnyonyesha mtoto, kesho narudi.

Ilipoisha, ikaisha. Tukarudi wodini kama tulikuwa likizo. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi siitaji, na wala sisemi walikuwa wabaya, nadhani na wao hawakujua. Ila hakuna hata mmoja aliyetuuliza mmelala? Na mimi sikusema. Mume wangu aliuliza, nikajibu kazi tu. Miaka inaenda, napanda cheo, nafundisha wanafunzi, nalea. Kitu kimoja tu, nilikuwa siendi bandarini. Nikialikwa sherehe Ukerewe naumwa. Honi ya meli ikilia jioni nikiwa nakata mboga, kisu kinasimama chenyewe. Nikasema ni tabia yangu tu.

Afu Septemba 20, 2018. Alhamisi. MV Nyerere inatoka Bugolora inaenda Ukara, imejaa, imebakiza kidogo kufika, ikapinduka. 228 walifariki. Mimi niko wodini Mwanza, natazama kidonda cha mzee mmoja, mtu akaingia na simu akasema jamani kivuko kimezama. Mkono wangu ukaanza kutetemeka. Nikauambia tulia, haukutulia. Miaka 22 imepita, mwili unafanya kama ni jana. Nikakaa chini, palepale sakafuni, sista mkubwa wa wodi na kofia yake. Na binti mmoja wa mafunzo, mdogo kuliko mwanangu, akafunga pazia, akakaa na yeye chini, akasema, "Sista, kuna nini?" Afu akanyamaza. Hakuniambia jikaze. Hakuniambia mwachie Mungu, na mimi namwachia Mungu kila siku, ila siku hiyo ningeambiwa hivyo ningenyamaza miaka mingine 22. Nikamwambia yote, dakika ishirini labda. Mzee mwenye kidonda naye alikuwa anasikiliza upande wa pili wa pazia, tulipotoka akasema, "Mimi mdogo wangu alikuwa kwenye Bukoba." Hajawahi kumwambia mtu wodini pale, na alilazwa siku kumi.

Sikupona siku hiyo, nisiwadanganye. Baadaye nilienda kwa mtaalamu, nikaenda mara kadhaa. Ila usiku ule nililala mpaka jogoo.

(Hapa nilikunywa maji. Waliokuwepo wanajua nilikunywa maji mengi.)

Haya. Sasa mtasema sista hayo ni makubwa, meli, vifo, sisi shida zetu ni ndogo ndogo. Hizo ndogo ndogo ndo zinazoua ndoa hapa mwaloni, hapa tunaposhushia na kuuzia samaki. Nitoe ya baba mmoja, jina nalificha, na kijiji nimebadilisha, msianze kuhesabu vidole.

Huyu bwana ana mtumbwi na injini. Usiku mmoja ziwani wakaja watu wakaichukua injini, yeye na vijana wake wakarudi kwa makasia, wazima, ashukuriwe Mungu. Je, alimwambia mkewe? Hapana. Alimwambia injini iko kwa fundi. Akaenda kukopa, ile mikopo ya kausha damu, 800,000, rejesho 40,000 kila siku kwa siku 26. Fanyeni hesabu, inarudi 1,040,000. Injini ya mtumba aliyonunua ikafa wiki ya pili, akachukua mkopo mwingine kulipa ule wa kwanza. Nyumbani amekuwa simba, hasalimiwi, chakula hakina chumvi, watoto wana kelele, simu ikiita anatoka nje. Mkewe akaanza kulala na watoto. Huyu baba anakuja kwangu na maumivu ya kifua, anadhani ni moyo. Tukapima, akaenda hospitali wakapima, moyo mzima. Nikamuuliza, baba, nini kimetokea? Ikachukua nusu saa na chupa nzima ya chai.

Nikamwambia nenda kamwambie mkeo leo. Akasema ataniacha. Akaenda. Mnajua mkewe alijibu nini? "Injini si iliibiwa? Mimi najua tangu siku ya tatu, aliniambia muuza mafuta. Nilikuwa nasubiri useme." Wiki tano! Watu wawili kitanda kimoja, kila mmoja amebeba siri ile ile peke yake, na kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kumnunia.

Wakachukua karatasi ya daftari la mtoto wakaandika madeni yote kwenye karatasi moja, ya nani, kiasi gani, lini. Mkewe akaja kwenye kikoba, tukamkopesha kwa riba yetu, wakafunga ile mikopo miwili. Bado wanadaiwa, ila wanadaiwa na watu wanaowajua na deni lina mwisho.

Na hapa niseme kitu ambacho wataalamu wengine hawasemi. Mtu mwenye deni la kila siku usimwambie avute pumzi na afikirie mambo mazuri. Msaidie kupunguza deni, afu ndo muongelee pumzi. Kuna msongo ambao dawa yake ni hesabu. Ndo maana mimi mfuko wa jamii wa kikoba, ule wa kusaidiana kwenye shida, nauhesabu ni dawa, na mwaka huu nilipoona watu wanataka tuugawane wote tule sikukuu niligomba, mnakumbuka, na nitagomba tena.

Nije kwenye mbalamwezi, maana hii naipenda.

Mbinu ya dagaa mnaijua kuliko mimi. Giza likiwepo taa inawaita, wanakuja juu, mnawafunga. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, dagaa wametawanyika, basi mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, mtu analala mchana, anacheza bao, anaenda kuona wazazi. Kuna mtu anamwita mvuvi mvivu siku za mbalamwezi? Hakuna. Maana wote tunajua akitoka atachoma mafuta bure. Yaani babu zetu ziwani hapa walishajua kwamba kazi ina siku zake na mapumziko yana siku zake, hawakusubiri semina.

Swali langu ni hili: mbalamwezi ya mama muanika dagaa ni ipi? Mtumbwi unafika alfajiri, anapokea, anaanika, anageuza, wingu likitokea Ukerewe anakimbia kukusanya maana mvua ikinyeshea mzigo umekuwa chakula cha kuku. Mchana sokoni, jioni jiko, usiku daftari la mtoto. Mwezi ukiwa mkubwa mume yuko nyumbani, kazi imeongezeka! Kuna dada mmoja hapa jirani aliniambia, "Sista mimi napumzika chooni." Nikacheka, akasema sicheki. Anafunga mlango anakaa juu ya ndoo dakika kumi, kwa sababu ni sehemu pekee hakuna anayemwita, na siku hizi mtoto wa mwisho ameshajua anagonga.

Mimi nikamwita mumewe. Sikumgombeza, nilimuuliza tu, "Wewe nyavu zako unashona lini?" Akasema mbalamwezi. "Na za mkeo?" Akakaa kimya muda mrefu, ni mtu mwelewa kwa kweli. Sasa hivi Jumapili mchana anachukua watoto anaenda nao kwa mama yake Igoma, masaa manne matano hivi. Jumapili ya kwanza huyo dada hakulala, alikaa mlangoni anasubiri warudi. Ya pili alifua. Ya tatu ndo alilala. Kupumzika nako kunajifunzwa jamani, msikate tamaa ile siku ya kwanza.

Na nyie mnaosema mnapumzika kwa chupa mbili tatu ili mpate usingizi: pombe inakulaza haraka, kweli, afu inakuvunjia usingizi katikati, saa tisa uko macho kiu imekukaba na deni liko palepale. Nimemaliza, sihubiri.

Watoto. Kule visiwa vya Hawaii, Marekani, kuna kisiwa kinaitwa Kauai, mtafiti mmoja mama, Emmy Werner, na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata mpaka wakafika miaka 40. Wengine walizaliwa kwenye shida za kila aina, umaskini, ugomvi, mzazi mlevi, mzazi mgonjwa wa akili. Katika hao wenye shida nyingi, kama mmoja kati ya watatu alikua vizuri kabisa, ana kazi, ana familia, mtu wa watu. Wakatafuta sababu. Mojawapo iliyojitokeza ni kwamba mtoto huyo alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, hata kama si mzazi, bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Mmoja tu! Mimi nikiwaona watoto mnaowaacha na bibi zao Ukara mkihama kambi, silii sana siku hizi, nauliza tu huyo mmoja yupo? Anamjua kwa jina? Na wewe baba wa kambini, unapiga simu unauliza hela imefika, unaongea na mtoto saa ngapi?

Na bibi zetu hawa msiwadharau. Zimbabwe kule kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu hakuna, akawafundisha mabibi, mabibi wa kawaida kabisa wa Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu, afu kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Kishona wana neno, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Si ndo sisi tunasema "ana mawazo"? Wakaja kuipima kisayansi kwa watu 573, matokeo yakatoka 2016, waliokaa na bibi kwenye benchi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na bibi. Na sisi hapa mabibi tunao, mabenchi tunayo, tunayatumia kuongelea nani amejenga.

Basi nimeshaongea na mwenyekiti na amekubali, kuanzia mkutano ujao nusu saa ya kwanza kabla ya kuhesabu hisa tunakaa wawili wawili, mmoja anasema, mmoja anasikiliza, tunabadilishana. Kanuni mbili. Usimwambie jikaze. Na kinachosemwa hapo kikienda mwaloni, faini 10,000, tena ni pesa taslimu, si ahadi.

Kabla sijashuka tufanye kitu kimoja, wote, na nyie wa getini. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua, hesabu nne. Toa polepole kwa mdomo, hesabu nane, kama unapuliza uji wa mtoto. Tena. Ukitoa pumzi taratibu moyo nao unapunguza mwendo, ndo king'ora kinavyoshushwa sauti. Mara tano, kabla ya kupokea simu ya mdai, kabla ya kumjibu mwenzako. Watoto wanacheka kule nyuma, waacheni, kucheka nako ni kutoa pumzi.

Na ile ambayo si ya benchi. Ukiona mtu wiki mbili halali, hali, hana hamu hata na kitu alichokipenda, au anasema bora nisingekuwepo, usimwambie ana mapepo na usimwache akalale peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Afu mpeleke, si umwelekeze, mpeleke. Hospitali ya Bugando pale juu kuna idara ya afya ya akili, na kwenda kule si kuwa kichaa, mimi nilienda kwa mtaalamu na leo nimewaongoza kupumua.

Nimemaliza. Kipima presha kiko pale mezani, nimekuja na betri za ziada na binti wa kuandika. Foleni inaanzia kwenye mwembe, wanaume mbele, kwa sababu nawajua, mkiwa nyuma nitageuka nikute viatu tu. Na kila anayepimwa nitamuuliza "vipi?". Atakayejibu "safi" anarudi mwisho wa foleni.